Stika za Kijani

Mchanganya rangi wa kiwanda cha samaki alikuwa mwanamke wa kujiamini kupita kiasi. Ndiye aliyebuni ile stika ya kwenye pakiti za minofu: samaki akianza kuoza, ukijani unatoka, inakuwa nyekundu. Akazunguka mji mzima akiwafundisha wauzaji na wapishi. "Acheni kunusanusa," aliwaambia. "Angalieni rangi, basi."

Jumatatu meneja akamwita. Maduka yalikuwa yakirudisha pakiti nyingi mno zilizogeuka nyekundu. "Hiyo rangi yako ina kiherehere," alisema akicheka. "Ipunguze makali. Au nitafute mtu mwingine?" Mwanamke akaingiwa na hofu, akapunguza. Alijiambia ni kwa wiki moja tu, hakuna litakaloharibika.

Thubutu! Alhamisi, karibu na mchana, alipita kwenye chumba cha baridi akakuta mtambo umezimika tangu jana na sakafu imejaa maji. Harufu ilimpiga usoni. Rafu zilikuwa nusu tupu, na pakiti zote zilizobaki zilikuwa na stika za kijani.

Akampigia dereva aliyepeleka mzigo. "Rudisha mzigo, umeoza!"

"Umeoza wapi, mama? Kijani tupu. Tena nimeshashusha wote. Nimemalizia kule chekechea, asubuhi mapema."

Mpishi wa chekechea ile alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada! Leo umenikumbuka?" mdogo wake alipokea kwa furaha.

"Yule samaki usiwape watoto!"

"Mbona umechelewa? Wameshakula, wamelamba mpaka sahani. Hata hivyo harufu ilinitia wasiwasi, msaidizi wangu akataka tumwage. Nikamwambia, we, koma! Hiyo stika kaitengeneza dada yangu."

Mchanganya rangi akakaa chini palepale, majini. Alijua sumu ya samaki aliyeoza namna ile haifi kwa moto, hata uchemshe kutwa nzima. Alitamani ardhi immeze.

"Wamekula wangapi?" aliuliza.

"Wote. Leo wapo sabini na... Hebu ngoja, dada, mwalimu ananiita."

Simu haikukatwa. Akasikia kiti kikianguka, mtoto mmoja akilia, kisha wa pili, kisha sauti ya mdogo wake, kwa mbali, ikiuliza nani mwingine anaumwa.