Mbwambo Akaribishwa Chai Kioto

Jana mchana, baada ya wali na maharage, Elinami Mbwambo alilala kwenye kochi akaota yuko Kioto. Hilo halikumshangaza. Wiki ijayo alikuwa na safari ya kikazi Japani, na tangu asubuhi alikuwa akisoma kwenye simu jinsi mgeni anavyopaswa kufuata mila za huko. Mkewe, Namkunda, alikuwa chumbani akipanga nguo aende kwa dada yake Moshi, kwa siku ambazo hakuzitaja. Mbwambo aliona hilo si jambo la kusomea.

Basi yuko mbele ya nyumba ya chai. Anavua viatu, kama alivyosoma.

"Afadhali," kinasema kiatu cha kushoto. "Miaka sita tunakubeba, hujawahi hata kutupangusa."

"Nitalishughulikia," anajibu Mbwambo, kama anavyowajibu watu ofisini.

Mlango ni mdogo kama wa banda la kuku. Maelekezo yalisema umefanywa hivyo ili kila mtu aingie kwa unyenyekevu. Anapiga magoti, anapenyeza kichwa, anakwama.

"Ni tumbo?"

"Tumbo lingepita," unasema mlango kwa adabu. "Kilichokwama ni cheo."

Ikabidi Naibu Mkurugenzi, ndicho cheo chake ofisini, abaki nje na viatu. Mbwambo wa kawaida akaingia bila taabu.

Ndani anapiga magoti juu ya mkeka, anakalia visigino. Miguu inakufa ganzi, kisha inaomba ruhusa ya kuondoka. Anaikatalia. Mwanamke aliyevaa kimono anampa bakuli la chai ya kijani. Ni Namkunda. Mbwambo anakunywa.

"Mgeni husifu chai," bakuli linamkumbusha.

"Inanyweka."

"Inanyweka," linarudia bakuli, kama polisi anayeandika maelezo ya mtuhumiwa. "Na ile ya nyumbani, miaka kumi na tisa?"

"Si nainywa? Sifa gani tena?"

Hapo chumba kinakuwa stendi ya mabasi. Namkunda, bado na kimono, ameshika begi. Anainama kumuaga, anainama sana, kama anayemuaga mtu asiyetarajia kumwona tena. Basi linawasha injini. Mbwambo anataka kusimama, lakini miguu ilishaondoka bila ruhusa.

"Namkunda!" anapiga kelele. "Bila chai yako ningekuwa nashinda baa kama wenzangu!"

Akaamka. Namkunda alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi.

"Mke wangu," alisema Mbwambo, "chai yako ni nzuri sana. Sijawahi kukuambia."

Namkunda alihamishia begi mkono wa pili.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

Hakuamini, lakini aliweka begi chini, akakaa. Ndipo alipoiona miguu ya mumewe, aliyekuwa amevaa bukta. Kuanzia magotini hadi vifundoni ilikuwa imejaa alama za mkeka, mistari myembamba iliyonyooka. Kochi lao lilikuwa la ngozi, na mkeka hawakuwa nao.

"Baba Upendo," alisema taratibu, "ulikuwa unampigia nani magoti?"