Sungura Wanaruhusiwa

Bwana Darubini alitaka yai lake lichemshwe hadi kiini kikauke, chai yake iwe na maziwa ya kopo, na mtu yeyote asipige chafya karibu na sungura. Alimweleza Apolinaria hayo siku aliyomwajiri kuwa mpishi wake, na Kornel, mwanangwa, yaani mkuu wa makazi, akatafsiri. Bwana alikuwa amesema kwa Kiswahili, kile cha kufaulia mtihani, na Kornel alitafsiri kwa Kiswahili hichohicho, ila kwa sauti ya juu zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kornel, na serikali ilimpa kofia kwa ajili yake.

Hema lilipigwa mwisho wa makazi, kando ya safu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Upande huu wa mawe waliishi watu. Upande wa pili ilikuwa Ilalwa, walikoishi watu haohao kabla serikali haijagundua kwamba mbung'o wa huko wanaleta malale. Serikali ilipogundua, haikuwahamisha mbung'o. Iliwahamisha watu, ikawapanga kwa mistari iliyonyooka karibu na reli, mwendo wa asubuhi kutoka Usoke, kisha ikatangaza kwamba binadamu asikanyage tena Ilalwa. Mbung'o hawakuelezwa habari za mawe, wakawa wanakuja na kurudi wapendavyo. Bwana Darubini naye aliingia kila alasiri na kigoda chake, bunduki na darubini, kwa sababu neno binadamu katika tangazo lile lilikuwa na maana ya watu kama Apolinaria.

Kutoka kwenye mawe Apolinaria aliiona nyumba yao. Paa lilikuwa limebonyea, lakini kuta zilisimama, na kizingiti cha mninga alichokichonga baba yake kilikuwa mahali pake. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la baba huyo. Mbele ilipita njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, na jua lilipopunguza ukali walipita hapo sungura.

Sungura wa mahali pengine hukaa kila mmoja kwenye nyasi zake, na akisikia mguu wa mtu hutimka. Wa Ilalwa walitembea njiani kwa mstari mmoja, wakapumzika mahali ambapo zamani misafara ilipiga kambi, kisha wakagawanyika kila mmoja kwenye mlango wake. Wakikutana waliinama na kupiga makofi taratibu kwa miguu ya mbele. Bwana alikuwa ametoka ng'ambo ya bahari mbili kuja kulala kifudifudi na kuyatazama hayo, na hakuyaelewa. Kutoelewa hakukumsumbua. Alilipwa kwa kutazama.

Watu wa makazi walielewa bila kutazama. Wa kwanza kuondoka alikuwa mzee Kasimiri, ambaye enzi za misafara alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya wapagazi. Aliomba ruhusa akafie kwao. Kornel akamjibu kwamba ruhusa hutolewa na bwana mkubwa wa Tabora, na bwana mkubwa yuko likizo. Kasimiri alisubiri. Masikio yake yakaanza kurefuka, na asubuhi moja akapita chini ya mlango, akaenda zake. Baada yake, kila mzee aliyezidiwa na hamu ya kwao aligeuka sungura, akavuka mawe. Padri wa misheni alipoulizwa, alifikiri, akasema sungura waliobatizwa waendelee kutokula nyama siku ya Ijumaa, jambo ambalo halikuwapa taabu. Kornel aliipeleka habari kwa Bwana Darubini. Bwana alijikuna kidevu, akasema tangazo halikuwataja sungura. Kornel akazunguka makazi yote akipaza sauti kwamba sungura wanaruhusiwa. Aliitangaza ruhusa hiyo kama aliyeinunua kwa fedha zake.

Josepha, mama yake Apolinaria, aliugua mwanzoni mwa kiangazi. Hakutaka dawa wala uji. Alitaka kulala kando ya mumewe, nyuma ya nyumba yake, na hakutaka kingine chochote. Masikio yalipoanza, alikasirika kwa sababu kitambaa cha kichwa kilikuwa hakikai.

"Vuta upande huo," alimwambia binti yake. "Sikio moja likibaki nje nitaonekana mhuni."

"Mayu, yote mawili yako nje."

"Basi nifunge chini ya kidevu. Mimi si mwanamke wa kutembea kichwa wazi."

Jirani yao alikuwa mzee Limbu, kaka wa marehemu mumewe, baba mkubwa wa Apolinaria. Nyumba yake iligusana na jiko la Bwana, na kikohozi chake kilisikika kabla yeye hajaonekana. Naye aliwahi kubeba pembe hadi Bagamoyo nyuma ya Kasimiri. Alikuja kumuaga.

"Shemeji," alisema, "kule ukimwona mtu, kimbia. Usingoje kujua ni nani. Kasimiri mwenyewe hukimbia."

"Nimkimbie nani kwenye kizingiti changu?" Josepha alisema. "Mtu akija kwangu ninamsalimu. Kukimbia wageni ni tabia ya ukoo wenu."

Limbu alicheka hadi kikohozi kikamshika, akalazimika kukaa chini.

Josepha aliondoka mchana, watu wakiona. Apolinaria alikuwa ameifupisha kamba ya medali yake ya Bikira Maria ili isiburuzike njiani. Kornel alikuwa amesimama kwenye mawe. Alimtazama sungura mwenye medali akivuka, akatazama upande mwingine, akaweka sawa kofia yake.

Kuanzia siku hiyo Apolinaria alipopeleka chai ya alasiri kwenye mawe, ambapo Bwana alikuja mwenyewe kuichukua, alimwona mama yake. Josepha alikuwa akifagia kizingiti kwa miguu ya nyuma. Baadaye alikwenda nyuma ya nyumba, akajinyoosha kando ya kaburi, akarudi kukaa mlangoni. Apolinaria alifurahi, na kwa sababu alifurahi aliona haya, maana alijua ni kitu kidogo mno cha kumfurahisha mtu mzima: kumwona mama yake mlangoni kwake.

Kisha ikaja siku ambayo Bwana Darubini aliona jua kali. Akatafuta kivuli, akakipata kwa Josepha, akaketi kwenye kizingiti cha mninga. Sungura wengine waliingia nyasini. Apolinaria alikuwa kwenye mawe, birika mkononi. Alimwona mama yake akitokea nyuma ya nyumba, akasimama kidogo kumwangalia mtu aliyekalia kizingiti chake. Ni dhahiri kwamba hakumpenda. Lakini mgeni ni mgeni. Josepha alimkaribia, akainama, akapiga makofi kama inavyopasa, akangoja kuitikiwa.

Bwana alimpiga risasi. Jumba la makumbusho la kwao lilikuwa limeomba sungura jike mzima, mwenye ngozi isiyo na tundu kubwa, na Bwana alikuwa hajawahi kupata aliyekuja karibu namna ile.

Alirudi kwenye mawe amemshika miguu ya nyuma. Kornel alikuja mbio, maana mlio wa bunduki ya Bwana ulikuwa ndio mwito wake.

"Huyo ni mama yangu," alisema Apolinaria.

"Najua," alisema Bwana. "Nimeelezwa habari za hapa. Pole."

"Anasema pole!" Kornel alipaza sauti.

"Alikuja kukusalimu."

Bwana alifikiri. Hakuwa mtu wa kukataa kufikiri, na kwa sababu hiyo watu wa kwao walimhesabu kuwa mwema. "Nilipompiga," aliuliza, "alikuwa mtu au alikuwa sungura?"

"Alikuwa sungura."

"Basi hakuna kosa. Mtu haruhusiwi kuingia. Sungura anaruhusiwa kuingia, na sungura anaruhusiwa kupigwa. Mambo haya yako wazi."

"Yako wazi!" alisema Kornel.

Birika lilikuwa bado mkononi mwa Apolinaria. Kwa muda alitamani kulimimina lote, lenye moto vilevile, kwenye uso ule uliokuwa ukimsikitikia kwa adabu. Alimimina kikombe. Alijichukia kwa kumimina, na aliendelea kumimina hadi kikajaa.

Bwana alichuna ngozi mwenyewe, kwa ustadi, mbele ya hema. Aliipaka dawa na kuifunga kwenye sanduku la kwenda stesheni ya Usoke. Medali aliivua, kwa kuwa jumba la makumbusho lilitaka mnyama wa asili asiye na nyongeza, akamrudishia Apolinaria. Mwili akampa vilevile.

"Shukuru," Kornel alimnong'oneza. "Umepewa nyama."

Ndiyo mara pekee Kornel alipojulikana kunong'ona.

"Nataka kumzika kwa baba yangu," Apolinaria alimwambia Bwana. "Ni pale tu. Unapaona."

"Mama yako anaweza kuingia wakati wowote," alisema Bwana. "Wewe ndiye huwezi."

"Nani atambeba?"

"Hilo si jambo la serikali," alisema Bwana, akaomba yai.

Apolinaria alichemsha yai. Kisha alichukua kaniki ya mama yake, akamfunga ndani, akamvika medali juu ya kitambaa, akaweka kifurushi kwenye mawe, upande wa Ilalwa, mbali kadiri mkono wake ulivyoweza kufika bila mguu kuvuka. Akaketi chini. Wanawake wa makazi walikuja kukaa naye. Hawakulia kwa sauti, kwa sababu kupiga kelele karibu na sungura kulikuwa kumekatazwa.

Jua liliposhuka kidogo, sungura walitokea. Walikuja kwa njia ya misafara, mstari mmoja, kutoka upande wa Ujiji, na mbele yao alikuwa mmoja mzee mwenye hatua ya kutupa mguu wa kushoto nje kidogo. Watu wote wa makazi waliijua hatua hiyo. Kasimiri alifika kwenye mawe, akauzunguka mzigo, akaupima kwa pua, akakanyaga ardhi. Wanne wakajipanga chini yake, wakauinua migongoni. Wengine walikaa pembeni kungoja zamu, kama wapagazi waungwana.

Hapo ndipo mzee Limbu, kutoka mlangoni mwa nyumba yake kando ya jiko, alipotoa mwito wa msafara. Ulikuwa mwito wa kuinua mizigo, na hapo makazini haukuwahi kusikika tangu wahamishwe. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye miguu mizima. Sungura walisimamisha masikio yote pamoja, wakaondoka kwa mwendo wake. Limbu alipiga mwito wa pili, na katikati yake kikohozi kikamkata, kikaendelea bila yeye.

Walipumzika walipopumzika misafara. Walibadilishana mzigo. Waliupeleka nyuma ya nyumba na wakachimba kando ya kaburi la baba yake Apolinaria, ingawa sungura wa nyika si mnyama wa kuchimba. Wote waliinama wakapiga makofi, na safari hii hakuna aliyeketi pale kuwajibu kwa bunduki, kwa sababu Bwana alikuwa upande huu wa mawe na darubini yake, anatetemeka kwa furaha. Hivyo ndivyo Josepha alivyopata alichokitaka. Mwanamke ambaye hakuwahi kutoka nje bila kufunga kichwa alizikwa bila ngozi, na ngozi yake ilikuwa tayari njiani kwenda stesheni, ikajazwe majani makavu na kutiwa macho ya kioo.

"Vizuri sana," alisema Bwana, akishusha darubini. "Vizuri kabisa. Kornel, Alhamisi nitapata wageni kutoka Dar es Salaam. Watakuja na kamera. Nataka sungura wafanye hivi tena."

"Bwana anataka wafanye hivi tena Alhamisi!" Kornel aliwatangazia wanawake, ambao walikuwa wamekaa miguuni pake na walikuwa wamesikia.

"Inawezekana?" Bwana aliuliza.

"Inawezekana, Bwana."

Bwana aliingia hemani kunawa mikono. Kornel alibaki amesimama, kofia imesogezwa nyuma, akizitazama nyumba za makazi moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua kuku wa wageni. Akageuza kichwa, akategea sikio.

"Apolinaria," alisema, "baba mkubwa wako hali yake ikoje siku hizi?"

"Mzima wa afya."

"Nilidhani nimemsikia akikohoa."

"Hukumsikia."

Apolinaria alimtazama Kornel kofia, akamtazama viatu, na katikati hakuona kitu cha kutazama. Aliinuka, akafuta vumbi, akaenda jikoni. Mawe yalikuwa mahali pake, meupe, na ng'ambo yake sungura walikuwa wanarudi kila mmoja mlangoni kwake. Nyuma ya ukuta wa jiko Limbu alivuta pumzi ndefu, ile inayotangulia kikohozi. Apolinaria alichukua sufuria kubwa ya Bwana na mwiko, akaanza kuigonga kwa nguvu zake zote.

"Unafanya nini?" Kornel aliuliza kutoka nje.

"Naosha vyombo," alisema Apolinaria, akaendelea kugonga.