Kisu Chenye Mdomo wa Mwewe

Kaka yangu Clement aliponipa kile kisu, nilikiingiza ndani ya soksi, soksi nikaifunga fundo, nikaizika chini kabisa ya mkoba wangu. Naogopa visu. Nyama nanunua iliyokatwa tayari, na nikikata kitunguu nageuza uso pembeni, si kwa sababu ya machozi.

"Ona kilivyojikunja," alisema siku hiyo nyumbani kwetu Kihesa, Iringa mjini. "Kama kimelala."

Alikisukuma kwa dole gumba, kikafunguka kwa mlio mdogo. Bapa lake lilikuwa limepinda kwa ndani kama mdomo wa mwewe, na makali yalikuwa upande wa ndani wa ule mpindo. Mimi nilirudi nyuma hatua moja.

Clement ni fundi umeme. Yumo kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Makali ya Kila Siku, watu kama arobaini kutoka Iringa hadi Mbeya, na kila mmoja ana kisu cha namna hii mfukoni. Jioni wanaulizana, "Leo umekata nini?" Gideon wa Mbalizi anaweka picha ya bomba la plastiki. Sosthenes, anayetandika makapeti Mbeya mjini, anaweka picha ya kona iliyokatwa ikanyooka. Waliwahi kubishana wiki nzima kama bapa lenye meno ni bora kuliko lisilo na meno. Clement aliniingiza humo bila kuniuliza. Sijawahi kuandika hata salamu.

"Sasa kaka, mimi nikate nini?"

"Wewe si bibi shamba? Unaishi na kamba na magunia." Alichukua kipande cha kamba, akakizungusha kwenye mpini wa jembe. "Kisu cha kawaida unakisukuma, kikiteleza kinakwenda kumchoma mtu. Hiki kinavutwa. Ncha ipitishe chini ya kamba. Mgongo wa kisu ulale kwenye kile usichotaka kukata, makali yatazame juu. Halafu vuta. Basi."

Kamba ilidondoka vipande viwili. Mpini wa jembe haukuwa na alama.

"Na nyanya je, kinakata?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kwa nyanya hakifai kabisa, mama. Unaweza kulia. Lakini kwa kamba!" Akabusu mgongo wa kisu, na mama akamwambia aoe.

Nilirudi nacho Ruaha Mbuyuni, kwenye kituo changu cha kazi ya ugani wa kilimo. Nilikuwa na miezi saba tu tangu nimalize chuo. Msimu wa vitunguu ulikuwa umechanganya, na kila asubuhi malori yalijipanga uwanjani kupakia. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwakataza watu kufunga lumbesa, yaani gunia linalojazwa mpaka linapita mdomo wake, kisha kilima kile cha juu kinafumwa kwa kamba kisimwagike. Nilikataza kwa sauti ndogo. Vitus, msimamizi wa wapakiaji, alikuwa akiweka kiganja sikioni na kusema, "Bibi shamba, umesema au umepumua?" Wote wanacheka, nami nacheka nao, halafu lumbesa zinaendelea.

Mshonaji hodari pale uwanjani alikuwa Nyamizi, mama wa watoto watatu, Msukuma aliyezaliwa huko bonde la Usangu. Alikuwa na namna yake ya kukaza kamba. Aliizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akaweka goti kwenye gunia, akajivuta nyuma kwa uzito wake wote. Washonaji wote pale hufanya hivyo. Kila nilipoona, nilitazama kwingine.

Jumanne hiyo alikuwa akishona gunia la mwisho nyuma ya lori moja la Fuso lililokwisha kupakiwa. Injini ilikuwa inanguruma. Niliona mkia wa kamba yake umetambaa chini, ukapita nyuma ya tairi na kutokea mbele yake. Nilitaka kumwita. Niliita, nadhani, lakini hata mimi sikujisikia. Basi nikafanya anavyofanya mtu mwenye aibu ya kupiga kelele mbele ya wanaume: nikagonga ubavu wa gari kwa kiganja, mara mbili, ili ageuke.

Kiganja changu kilikuwa bado kwenye bati la moto nilipokumbuka. Makofi mawili ubavuni, kwa madereva wote wa pale, maana yake ni twende.

Fuso iliondoka. Tairi liliilalia kamba na kuanza kuimeza. Nyamizi alivutwa kwa magoti, akapiga ukelele akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu!" na Vitus akaruka na panga, akaikata kamba katikati. Nyamizi akaanguka kifudifudi kwenye maganda ya vitunguu. Gari likasimama.

Nilidhani yamekwisha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Hayakuwa yamekwisha. Mizunguko ile miwili ilikuwa imepandana na kujifunga, na imezama kwenye nyama ya kifundo cha mkono mpaka kamba haikuonekana vizuri. Wapakiaji walijaribu kuifungua kwa kucha, kwa meno, kwa sindano ya gunia. Kila walipoigusa Nyamizi alilia. Mkono ulivimba mbele ya macho yetu. Vidole viliiva rangi ya zambarau, kisha vikaanza kuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha.

"Havinisikii," Nyamizi alisema. "Vidole havinisikii."

Pikipiki ilikwenda zahanati ikarudi na habari kwamba nesi yuko kitongoji cha pili anachanja watoto. Hospitali iko Iringa, mwendo wa saa mbili na zaidi. Chuoni tulifundishwa huduma ya kwanza wiki moja tu, lakini nilikumbuka kwamba mkono uliokosa damu hausubiri mtu.

"Leteni wembe," Vitus alisema.

"Wembe utapita na mshipa," mwingine akajibu.

"Basi ncha ya panga. Taratibu. Mshikeni."

Watu wawili walimkandamiza mabegani. Vitus alipiga goti, na ncha ya panga, pana kama ulimi wa ng'ombe, ikashuka kwenye mkono ule. Vitus, mtu wa kunicheka kila siku, jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Hapana," nilisema.

Hakuna aliyegeuka.

"Hapana! Vitus, toa panga!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Wote walinitazama. Nilimwaga mkoba wangu chini, karatasi, kalamu, chanuo, nikaipata soksi. Fundo lake lilinishinda kwa vidole. Nililing'ata kwa meno.

Nilikifungua kisu huku nimegeuza uso.

"Hicho kidude cha nini?" Vitus aliuliza.

"Cha kamba," nilisema. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Nilipiga magoti. Upande wa juu wa kifundo cha mkono, pembeni ya kile kifupa kinachojitokeza kuelekea kidole kidogo, palikuwa na kibonde, na hapo tu kamba haikuzama sana. Mgongo ulale kwenye kile usichotaka kukata. Makali yatazame juu. Niliweka mgongo wa kisu kwenye ngozi ya Nyamizi. Ngozi ilikuwa baridi. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko weusi wa vidole, kwamba palikuwa na jua kali na mkono ule ulikuwa baridi.

Ncha haikuingia. Nikasukuma, tone la damu likatoka, nikaacha.

"Siwezi," nilinong'ona. Kisha nikainama sikioni kwake, kwa sababu sikuweza kukata nikiwa nimemficha kosa langu. "Nyamizi, ni mimi niliyegonga gari. Nilitaka kukuita."

Alifumbua macho. Mdomo wake ulikuwa mkavu.

"Nilikuona," alisema. "Kata."

Nikalalisha kisu zaidi, mgongo ukateleza kama kijiko kinavyofuata sufuria. Ncha ikatokea upande wa pili wa kamba. Sikusukuma. Nilivuta kuelekea kwangu, polepole. Nyuzi za kamba zikaanza kukatika moja moja, nikizihesabu kwa masikio. Mzunguko wa kwanza ukaachia. Wa pili ukakatika kwa ghafla, nami nikaanguka kwa makalio, kisu kikiwa kimeelekea angani.

Mfereji mwekundu ulibaki kuzunguka mkono. Tulitazama vidole. Dereva alikuwa ameshuka, analia waziwazi. Muda ulipita, sijui kiasi gani, kisha Nyamizi akapiga yowe kali kuliko lile la kwanza.

"Vinaniunguza! Vinaniunguza!"

Damu ilikuwa imerudi. Kidole kidogo kikajikunja.

Hospitalini Iringa alilazwa siku nne. Nilimsimulia Clement nilipokwenda kumtembelea Nyamizi, nikamwonyesha kamba iliyokatwa. Nilidhani ataomba kuipiga picha aiweke kwenye kundi. Aliishika muda mrefu.

"Mimi nimekata nyaya na maboksi, Eveline," alisema. "Ningekuwa mimi, ningekimbia." Jioni ile, walipoulizana wamekata nini, hakuandika kitu.

Nyamizi amerudi uwanjani wiki iliyopita. Anashona, vidole viwili bado vizito. Kisu sasa nakiweka mfuko wa gauni, bila soksi, na bado nikikigusa mwili unasisimka.

Jana Fuso nyingine ilikuwa inanguruma. Nilimwona Nyamizi anaweka goti kwenye gunia. Mkono wa kulia ukachukua kamba na kuizungusha juu ya kovu. Mara moja. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu anayefunga kilemba. Mkono ukaanza mara ya pili.

Kiganja changu kilikuwa tayari kimenyanyuka karibu na ubavu wa gari. Nikakirudisha, nikajaza kifua hewa.

"Nyamiziii!"

Uwanja mzima ukageuka. Vitus alishusha gunia begani. Nyamizi mwenyewe alinitazama, akautazama mkono wake, na kwa mara ya kwanza niliona hofu yangu usoni kwake. Akaanza kuifungua kamba.