Sauti ya Saa Nne

"Sema Jumanne," binti alinong'ona, huku akimfunga mama yake kifungo cha kola kilichokuwa kimefungwa tayari. "Mkaguzi wa bima akikuuliza ulianza kusikia maji lini, sema Jumanne. Usiongeze neno."

Mama Cherehani aliitikia kwa kichwa. Majirani walimpa jina hilo zamani, kwa kuwa mchana kutwa cherehani yake ilinguruma kwenye chumba cha nyuma. Sasa ilikuwa imefunikwa plastiki, maana ukuta kati ya chumba hicho na bafu ulikuwa umelowa na kuvimba, plasta ikidondoka vipande. Binti alikuwa ameusoma mkataba wa bima mstari kwa mstari. Bomba likipasuka ghafla, kampuni inatengeneza. Likivuja kidogo kidogo kwa miezi na mwenye nyumba akanyamaza, shauri yake. Na shauri yake maana yake nyumba iuzwe kama ilivyo, mama ahamie ghorofa ya nne kwa bintiye, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Na mama alikuwa amenyamaza miezi minane.

Marehemu mumewe alikuwa mwoka mikate. Kila siku alirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, unga hadi kwenye kope, akaingia bafuni moja kwa moja. Maji yalimwagika, yakanyamaza akijipaka sabuni, yakamwagika tena. Kisha aligonga koki mara mbili kwa kifundo cha kidole, kwa sababu ilikuwa ngumu kufunga. Wiki moja baada ya mazishi, saa nne ile ile, Mama Cherehani akikunja pindo la sketi, alisikia maji ukutani. Yakamwagika. Yakanyamaza. Yakamwagika tena. Ngo, ngo.

Mtu mwingine angeita fundi. Yeye aliondoa mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri. Tangu siku hiyo, kila saa nne, aliuondoa.

Binti aliposimuliwa, baada ya ukuta kulowa, alishika kichwa. "Mama, hilo ni bomba linavuja. Umekaa nalo miezi yote hiyo unalisikiliza?"

Mkaguzi wa bima alikuwa kijana mwembamba aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Cherehani alimpenda papo hapo, na uongo ukazidi kuwa mzito. Nyuma yake aliingia fundi bomba, mtu wa mizaha.

"Ukuta huu umekunywa kuliko shemeji yangu," fundi alisema, akiubonyeza kwa dole gumba.

"Ulianza kusikia maji lini, mama?" mkaguzi aliuliza.

"Jumanne," binti alijibu.

"Nimemuuliza mama, dada yangu."

"Jumanne," Mama Cherehani alisema, macho kwenye soksi ya kijana. Ilikuwa na tundu dogo kidoleni. Vidole vilimwasha aitie uzi.

Kijana aliandika. Fundi alifunga koki kuu nje, akafungulia bomba la jikoni hadi likakauka, kisha akachimba ukuta kwa patasi. Ndani kulikuwa na mabomba mawili. La plastiki lilikuwa na ufa, kingo zake nyeupe safi.

"Huu wa juzi tu," fundi alisema. "Ungekuwa wa zamani ungekuwa umeota ndevu."

Binti alishusha pumzi. Pembeni lilisimama bomba la chuma, limekatwa na kuzibwa kwa kitambaa cha gunia la unga.

"Hilo alilikata mume wangu tulipobadilisha mabomba," Mama Cherehani alisema. "Miaka kumi na miwili sasa."

Fundi alichomoa kitambaa. Likamwagika vumbi.

Saa ya ukutani ilipofika saa nne, maji yalianza kumwagika ndani ya bomba la chuma.

Fundi alitoka mbio kuangalia koki kuu. Aliporudi uso ulikuwa umempauka. "Imefungwa," alisema. Sauti ikanyamaza. Maji yakamwagika tena, karibu kabisa, na bomba halikutoa hata tone. Ngo, ngo.

Mkaguzi alisimama na kalamu hewani. "Mama. Hii nayo imeanza Jumanne?"

Binti alimbana mkono. Lakini kusema Jumanne sasa, marehemu mwenyewe akiwa pale anasikia, Mama Cherehani aliona ni kumkana mtu usoni.

"Unyevu ndio ulianza Jumanne, hilo si uongo," alisema. "Sauti ina miezi minane."

"Nikiandika umesikia maji miezi minane, dai linakufa hapa hapa. Ufa nimeuona mimi, ofisini watasoma maneno tu." Alishusha kalamu kwenye karatasi. "Ulichosikia ni maji?"

"Nilimsikia mume wangu akioga."

"Mama, jamani," binti alisema, akafunika uso.

Kijana hakucheka. Aliandika taratibu, kisha akamsomea: unyevu ulionekana Jumanne, sauti iliyosikika kabla ya hapo haikuwa ya maji, wala haikutoka kwa kitu au mtu yeyote aliyemo ndani ya nyumba.

"Yaani humu ndani hayumo," Mama Cherehani alisema.

"Ndivyo fomu inavyotaka, mama. Samahani."

Mama Cherehani alilipapasa bomba la chuma. Kisha akatia sahihi, kwa mwandiko wake wa kushonea majina kwenye kola.

Dai lilipita. Bomba likabadilishwa, ukuta ukapigwa plasta na rangi, cherehani ikafunuliwa. Ile saa nne ya kwanza aliondoa mguu, akangoja. Kimya. Siku ya pili kimya. Wiki nzima ukuta haukutoa hata mkwaruzo, na alishona sketi nne bila kujua alichoshona.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, alisikia kifundo cha kidole.

Ngo, ngo.

Haikutoka ukutani. Ilitoka mlango wa mbele.

Mama Cherehani alichomeka sindano kwenye kitambaa, akainuka, akaenda sebuleni. Chini ya mlango, kwenye ule uwazi mdogo, unga mweupe ulikuwa ukiingia polepole, na nje mtu alikuwa akipangusa viatu, kama afanyavyo mgeni asiye na hakika kama atakaribishwa.

"Nakuja," alisema, akashika komeo.