Mshonaji Mmoja Tu

Redio ya kibandani kwetu ina kazi mbili: kutangaza habari na kumpa wifi yangu cha kuongea. Asubuhi hiyo nilikuwa napunguza kiuno cha suruali ya mwalimu, wifi anatia vifungo. Mtangazaji akasema ana mgeni mkubwa, kiongozi wa bendi ambayo wimbo wake umepigwa kwenye kila harusi kwa miaka thelathini na minne. Wakaupiga kidogo.

Kwa kawaida hapo nazima redio. Wifi, dada wa mume wangu, tumeshona pamoja miaka tisa na anajua kwamba wimbo ule ukianza tu, mkono wangu unakwenda kwenye swichi. Husema nina gubu. Lakini siku hiyo mikono yote miwili ilikuwa imeshika suruali, na wimbo ukanipata.

Nikawa na miaka ishirini na moja tena. Nikakiona chumba cha kwanza nilichokipanga mwenyewe, pasi ya mkaa mlangoni, kitambaa cha buluu cha mashati sita ya bendi kimetandazwa kitandani kwa sababu meza sikuwa nayo. Wanabendi walifanyia mazoezi chumba cha pili, maana mwenye nyumba alikuwa kiziwi wa sikio moja na la pili halikujali. Nilikuwa mwembamba, mwenye maringo, na sikumwogopa mtu. Nilifurahi mno siku zile, na ndiyo maana wimbo ule unanikera hivi.

Siku moja mkanda wa cherehani yangu ulikatika, ule wa ngozi unaozunguka kutoka gurudumu la chini hadi la juu. Fundi viatu angeushona ukalala vizuri. Mpiga gitaa wao, ndiye huyu mheshimiwa wa redioni, akajitia fundi. Akauunga kwa waya wa gitaa uliokatika, akapiga fundo nene kama tonge. Tangu hapo, kila mkanda ukizunguka, fundo lilipita kwenye gurudumu likagonga, na cherehani ikawa inachechemea. Kanyaga, kanyaga, tak. Mimi nikaanza kuimba humo humo, nikiisubiri ile tak ndipo nitie neno: Ngoja nimalize pindo, ndipo unisindikize. Beti tatu zilikamilika kabla ya shati la nne. Wakazisikia ukutani, wakaja kuniomba nirudie, na mpiga ngoma akachechemea pamoja nami.

Siku ya kurekodi waliniambia nifike saa nne, na mashati yawe yamepigwa pasi. Nilifika saa nne kasoro. Kumbe wao walianza saa mbili. Wimbo ulikuwa umekwisha, na aliyeuimba ni yule mpiga gitaa. Akanieleza kwamba bendi ni ya wanaume, watu wangecheka, ila jina langu lingeandikwa kwenye santuri. Santuri ilitoka. Niliisoma pande zote mbili.

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ningesema nini, mshona mashati tu?

Sasa redioni mtangazaji akamuuliza ule mdundo unaochechemea aliutoa wapi. Mzee akacheka kile kicheko cha watu waliozoea kupigiwa makofi. Akasema aliuota usingizini, kwamba ni moyo wa mtu anayeachwa. Na yale maneno ya pindo? Akasema ni falsafa. Falsafa ya wapi? Pindo lilikuwa pindo, la shati lake mwenyewe, na lilinitoa jasho kwa sababu kitambaa walichonunua kilikuwa kinafumuka ukikitazama tu. Akaongeza kwamba wiki ijayo kitabu cha maisha yake kinakwenda kupigwa chapa, na hayo yote yamo. Mtangazaji akamchokoza: hakukuwa na msichana hapo katikati?

"Alikuwepo mshonaji mmoja tu, alitushonea mashati," akasema. "Hata jina lake silikumbuki."

Wakaupiga wimbo mzima. Wizi wa wimbo nilikuwa nimeumeza, mchungu hivyo hivyo. Lakini kusahauliwa kwa sauti, nchi nzima ikisikiliza, hapana, hilo lilikataa kushuka.

Nikamweleza wifi yote, haraka haraka. Akaweka sindano na kifungo chini. Kisha akauliza, "Wifi, una ushahidi?"

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mkanda wa zamani. Mume wangu aliubadilisha wiki aliyonioa, akidai ile kelele itamtia wazimu, na mimi nikamkatalia kuutupa. Nikautoa mkanda mpya, nikaivisha cherehani ule wa zamani. Ngozi ilikuwa imekauka, nikaipaka mafuta ya nywele ya wifi bila kumwomba. Yeye alikuwa na simu sikioni, akiwadanganya watu wa redio kwamba anataka kutoa salamu kwa mzee. Wimbo ulipokwisha, wakatuunganisha.

Mtangazaji akanikaribisha, akauliza jina langu. Nikamjibu kwamba jina litafuata, kwanza mgeni wake asikilize kidogo. Wifi akapiga magoti, akaisogeza simu karibu na gurudumu. Nikakanyaga. Kanyaga, kanyaga, tak. Sikuimba hata neno moja.

Redioni kiti kikakwaruza sakafu.

"Ule mkanda," mzee akasema polepole, "bado unao?"

Mtangazaji akauliza mkanda gani, mzee. Wifi akaniinulia simu.

"Kufunga ulifunga wewe," nikasema. "Kuimba niliimba mimi. Na pindo lilikuwa la shati lako."

Mtangazaji, kwa sauti ya chini sasa, akauliza tena anaongea na nani. Nikatoa mguu kwenye kikanyagio. Nikamtajia jina langu, la baba yangu na la babu yangu, moja moja, kama mtu anayeandikisha mtoto shule. Kisha nikamwambia mzee naye achukue kalamu, kwa kuwa kitabu bado hakijapigwa chapa, na nikaanza kumtajia upya.