Jembe la Gertrude

Kwanza lilisikika jembe. Ko, ko, kisha mkwaruzo mrefu, kama chuma kinavutwa juu ya changarawe. Mapigo mawili na mkwaruzo, mapigo mawili na mkwaruzo, ndani ya ukungu wa Ronge ambao saa nne hii ya asubuhi ulikuwa bado haujainuka.

Katunge alisimama kwenye kijia, mkoba kifuani. "Hodi huko shambani!"

Jembe likanyamaza. Ukungu ukasogea na shamba likatokea lote, nusu ekari aliyokuja kuitazama mara ya mwisho kabla ya bodi ya ardhi kuidhinisha ununuzi wake kesho. Hapakuwa na mtu. Lakini katikati ya majani makavu kulikuwa na mstari uliolimwa, mnyoofu, kutoka migombani hadi kwenye jiwe kubwa, udongo wake mwekundu bado unatoa mvuke. Alitafuta nyayo. Aliona zake tu.

Ng'ambo ya ua, jirani aitwaye Mable alikuwa akipalilia maharagwe yake huku akicheka kichinichini.

"Mama mnunuzi, umelisikia?"

"Nani analima hapa?"

"Mwenye shamba."

"Sylus anayeniuzia nimemwacha Mwatate sasa hivi, anakunywa chai."

"Sylus!" Mable alitema mate pembeni. "Huyo mikono yake inajua kalamu tu. Nimesema mwenye shamba. Mama yake, Gertrude. Tulimzika pale nyuma ya migomba mwaka juzi. Alikuwa analimia mkono wa kushoto. Hebu tazama udongo umelalia wapi."

Katunge alitazama. Kwao Kitui alikuwa amelima tangu utotoni, na udongo wake haukuwahi kulalia upande ule.

"Na mstari ni wa nini?"

"Mpaka. Huku kwenye chemchemi alimkatia Pauline, bintiye aliyemuuguza. Aliulima mwenyewe, sote tukimwona. Wiki moja baada ya mazishi Sylus akaufukia. Kila akiufukia, unarudi. Sisi tumezoea." Mable aliinama tena kwenye maharagwe. "Muulize barua ya chifu ya warithi imetaja watoto wangapi."

Katunge alikuwa ameiona barua hiyo. Ilitaja mmoja.

Alirudi nyumbani Voi. Miaka kumi na miwili alikuwa amepanga vyumba vya watu, na cha sasa mwenye nyumba alikuwa ameshabandika notisi mlangoni: ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Bintiye Mumbe alikuwa amechora nyumba yao mpya kwenye daftari la shule, na dirisha lake mwenyewe akalipaka samawati. Katunge alitamani masikio yake yangekuwa mazito asubuhi ile.

Kesho yake, barazani pa ofisi ya bodi pale Mwatate, alimvuta Sylus kando.

"Bwana Sylus, Pauline ni nani?"

Sylus alikaza uso. "Dada yangu. Ameolewa Maungu. Mama Mumbe, mila unazijua. Aliyeolewa ana kwake."

"Sheria haisemi hivyo. Mtoto ni mtoto."

"Sheria imelala, usiiamshe. Kaa kimya nusu saa tu, utoke hapa na shamba."

Kaa kimya. Ndivyo kaka zake walivyomwambia Katunge baba yao alipokufa na shamba likagawanywa bila yeye. Siku ile kikao kilikuwa kimejaa watu, na hakuna aliyefungua mdomo kwa ajili yake.

Ndani, mwenyekiti wa bodi alisoma faili: mwenye shamba marehemu, mrithi mmoja. "Familia ya muuzaji isimame."

Sylus alisimama peke yake.

"Kuna mwingine ambaye hajatajwa?"

Ko, ko. Mkwaruzo.

Ulitoka chini ya sakafu ya saruji. Mjumbe mmoja alikuwa anajikuna sikio, mwingine yuko kwenye simu yake. Hawakuwa wamesikia. Ila Sylus alikuwa amesikia: jasho lilimtoka, na macho yake yalifuata sauti ikipita kati ya viti, polepole, jinsi mtu anavyolima akirudi nyuma. Ilifika chini ya kiti cha Katunge ikakoma. Kando ya kiatu chake kulikuwa na chembe za udongo mwekundu, mbichi.

"Hakuna mwingine," Sylus alisema.

"Yupo," Katunge akasema. "Ana dada. Anaitwa Pauline."

"Wewe mwanamke! Unajinyang'anya mwenyewe!"

Mwenyekiti alifunga faili. "Barua hii ina uongo. Leo hapana idhini. Nendeni mahakamani kwanza, warithi wote waandikwe."

Jioni ukungu ulikuwa umeshuka tena Ronge. Katunge alisimama kando ya mstari. Jembe likaanza karibu kabisa, na mbele ya macho yake udongo ukajigeuza, bonge kwa bonge, ukija kwake, ukasimama kwenye ncha za viatu vyake. Mable alikuwa ameinuka uani, safari hii hacheki.

"Mama Gertrude," Katunge alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "kesho naenda Maungu. Nitamleta Pauline mwenyewe, asimame hapa uliposimama wewe. Na asipotaka kuuza, mimi sinunui."