Hatamu ya Farasi wa Mushagalusa

Salima binti Ilyasi hakuwahi kumwambia mteja "ngoja nikaulize." Ukimpelekea kiatu, mkoba, ala ya kisu au kiti cha pikipiki kilichopasuka, alikipokea, akakipindua mara moja, kisha akakujibu: "Nitaweza." Na kweli aliweza. Katika mtaa wa Waswahili pale Gitega, Burundi, watu walimjua kwa neno hilo kuliko kwa jina la baba yake, ingawa ufundi wenyewe aliupata kwa baba yake huyo huyo, Mzee Ilyasi, aliyemfundisha kushona ngozi walipokuwa wakimbizi Kigoma. Sasa macho ya mzee yalikuwa yamezimika, akabaki na vidole, masikio na ulimi, na ulimi haukupumzika.

Basi siku Mushagalusa alipopiga simu kutoka Muyinga, Salima aliitikia bila wasiwasi. Mushagalusa alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, mfanyabiashara aliyekuwa akichukua mikoba ya Salima na kuiuza katika soko la Muyinga. Lakini siku hiyo hakutaka mikoba.

"Salima, we uko muzima? Sikia. Mi nimenunua farasi."

"Umenunua nini?"

"Farasi! Cheval! Iko hapa kwangu, inakula majani. Ilitoka Tanzania, kwa wazungu walikuwa wanahama. Samedi tuko na mariage, bibi arusi atapanda juu yake. Sasa hatamu imekatika. Utanitengenezea hatamu?"

"Nitaweza," akasema Salima.

Simu ilipokatika ndipo alipoanza kulifikiria lile neno. Alilijua tangu utotoni. Alilisikia redioni kila mara: fulani ameshika hatamu, kamati mpya imeshika hatamu, hatamu za uongozi zimebadilisha mikono. Lakini kama ungemwambia aichore chini kwa kijiti, angechora nini?

Latifa, jirani yake aliyekuwa akiuza vitenge kwenye kibaraza kile kile, alikuwa ameyasikia yote.

"Hatamu?" akauliza. "Hiyo si ya wakubwa? Farasi anaipeleka wapi?"

Mzee Ilyasi, aliyekuwa ameketi mlangoni akipaka nta uzi, alicheka hadi akakohoa. "Hatamu ni kamba ya ngamia, enyi watoto. Neno la Waarabu hilo. Hutiwa puani."

"Baba, wewe umewahi kumwona ngamia?"

"Na wewe umewahi kumwona farasi?"

Mzee akaendelea, safari hii kwa upole: "Ni kamba ya kumwongozea mnyama, basi. Mwenye kuishika ndiye mwenye safari."

Maneno hayo yalimtosha Salima. Alijiambia kwamba kama mwenye kushika hatamu ndiye mtawala, basi hatamu haiwezi kuwa kitu cha hivi hivi. Alichagua ngozi nene kuliko zote alizokuwa nazo, ya bega la fahali, akaikata mkanda mrefu, akaikunja mara mbili, akaishona kingo zote mbili kwa mshono wa kubana, akaing'arisha mpaka ikawa kama kiatu cha jenerali. Ungeweza kuvutia lori lililokwama matopeni. Alhamisi asubuhi akaiviringisha, akaitia mfukoni pamoja na vifaa vyake, akapanda basi linalopitia Karuzi, moyo wake ukiwa mweupe kabisa.

Farasi alikuwa nyuma ya nyumba ya Mushagalusa, kando ya shamba la ndizi. Salima alikuwa ametarajia kitu kama ng'ombe aliyekonda. Alimkuta mnyama wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mrefu kumpita, ana baka jeupe kwenye paji la uso na macho makubwa yaliyomtazama kama yanayomuuliza amemfuata nini. Pembeni yake alisimama Cibalonza, mke wa Mushagalusa, akimsugua shingo kwa gunia huku akimsemesha kwa Kishi, lugha ya kwao Kivu. Baba yake Cibalonza alikuwa mchunga farasi katika shamba moja la chai kwenye milima ya Kivu, na yeye alikulia kati ya miguu ya wanyama hao.

Mushagalusa alipoitoa ile hatamu mfukoni alipiga mluzi. "Aa, hii ni kazi! Ona, mama, ona vile inang'aa!"

Cibalonza aliishika, akaipima uzito kwa kiganja. Kisha akauliza kwa utulivu, "Na zingine ziko wapi?"

"Zipi zingine?" akauliza Salima.

Cibalonza akaingia ndani, akarudi na rundo la mikanda mikavu iliyokatikakatika. Akaipanga begani mwake, mmoja mmoja. Huu wa kupita nyuma ya masikio. Huu wa paji la uso. Huu wa shavu la kulia, huu wa kushoto, huu wa chini ya koo. Hapa chini chuma cha kukaa kinywani. Na mwisho kabisa, kutoka kwenye chuma hadi mkononi mwa mpandaji, kamba mbili zinazokutana. Ni sehemu hiyo ya mwisho tu Salima aliyokuwa ameleta.

"Bwana yangu ni mutu ya soko, si mutu ya farasi," akasema Cibalonza. "Kwake yote ni hatamu. Hata we ukivaa mukanda, ataita hatamu."

Mushagalusa akajitetea: "Sasa mi ningeita namna gani? Kwa redio wanasema hatamu!"

Salima alihisi masikio yakimwaka moto. Arusi ilikuwa Jumamosi, na leo Alhamisi jua lilikuwa limeshapita utosini. Angeweza kusema kwamba yeye ametengeneza kile alichoagizwa, na asingekuwa mwongo. Lakini alimtazama yule farasi asiye na kitu kichwani, akajua hawezi kurudi Gitega hivyo.

"Nionyeshe tena," akamwambia Cibalonza. "Polepole. Na kila mkanda uniambie unafanya kazi gani."

Kwa fundi Salima, huko kulikuwa kuuliza, na hakuona aibu. Walikaa uani, mwanamke mmoja akieleza na mwingine akipima kwa uzi kichwa cha farasi. Farasi alitulia, isipokuwa kila uzi ulipogusa sikio la kushoto, ambapo alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Salima alimpigia baba yake simu kumuuliza juu ya kile chuma.

"Lijamu!" mzee akapiga kelele upande wa pili. "Chuma cha kinywani ni lijamu! Ungeniuliza mapema!"

"Mapema hukunipa nafasi, baba. Ulikuwa na ngamia wako."

Ilibaki ile hatamu yenyewe. Cibalonza aliirudisha mikononi mwa Salima.

"Hii ni ya muzuri, lakini iko nzito. Itamuumiza."

"Nguvu si ndiyo inayotakiwa?"

Cibalonza aliizungusha hatamu kwenye kifundo cha mkono wa Salima, akamwambia afumbe macho, naye akashika ncha ya pili. "Sasa we ni farasi. Mi nitakuambia pa kwenda."

Salima alisubiri. Hakusikia chochote, ila uzito wa ngozi ukimvuta chini. Ghafla mkono ukarushwa kwa nguvu, akapepesuka, nusura aanguke juu ya ndoo. Mushagalusa akacheka. Kisha Cibalonza akaitoa ile ngozi nene, akamfunga kwa kipande chembamba kutoka kwenye mikanda ya zamani, kilicholainishwa kwa miaka mingi ya jasho. Safari hii Salima alihisi kitu kidogo mno, kama mtu aliyemgusa kidole kumwita. Akageukia kushoto. Akahisi tena, akasimama. Alifumbua macho, akajikuta yupo katikati ya uwanja, asikumbuke kuwa alivutwa.

"Umeona?" akasema Cibalonza. "Yeye anasikia kila kitu. Ngozi ikiwa nene, ni kama unamusemesha kwa kupiga makelele."

Salima alikaa chini, akachukua kisu, akaanza kufumua mshono wake mwenyewe, ule mshono wa kubana aliojivunia njia nzima ya Karuzi. Ngozi ya bega la fahali aliichana ikawa mikanda membamba, akaikwangua upande wa ndani, akaipaka siagi ya ng'ombe na kuifinyanga kwa vidole mpaka ikakubali kukunjika. Bizimu alizitoa kwenye mikanda ya suruali ya Mushagalusa, ambaye alibaki akitembea huku ameshikilia suruali kiunoni.

Ijumaa alasiri kazi ilikuwa imekamilika, na wakaja maarusi kujaribu. Bwana arusi, Valentin, alikuwa kijana wa kuuza simu katika soko lile lile la Mushagalusa, mwenye suti nzuri na hofu kubwa ya kitu chochote chenye kwato. Bibi arusi, Elyse, alimsogelea farasi moja kwa moja, akamnusa. Pamoja nao alikuja Tantine Vumilia, shangazi wa Valentin, aliyepanga arusi nzima kuanzia rangi ya maua hadi mahali pa kila mtu kukaa.

"Elyse atakaa juu," akatangaza Tantine Vumilia. "Valentin atatembea pembeni, ameshika ile kamba. Watu waone kama bwana ndiye anaongoza bibi."

Valentin aliishika hatamu kama mtu aliyeshika nyoka kwa shingo. Kila alipopiga hatua alivuta, na kila alipovuta farasi alirusha kichwa. Salima na Cibalonza walimwambia alegeze. Alisema ndiyo, akaendelea kuvuta. Elyse, aliyekuwa juu, aliitazama mikono yake, na walipomaliza alibaki nyuma na Cibalonza, akaomba afundishwe namna ya kushika.

Jumamosi misa ilikwisha salama. Elyse alipanda juu ya kiti, kisha juu ya farasi, akakaa kama anavyokaa mwanamume, gauni pana likafunika pande zote mbili. Wanawake wakapiga vigelegele, Valentin akashika hatamu, msafara ukaanza kuteremka kuelekea ukumbini. Salima alitembea nyuma kidogo akiitazama kazi yake. Mikanda ilikaa kichwani mwa farasi kana kwamba ilizaliwa naye. Hata sikio la kushoto lilitulia.

Walipofika njia panda, ngoma zikapigwa kwa mkupuo, na pikipiki za marafiki wa Valentin zikapiga honi zote pamoja. Farasi akashtuka. Valentin naye akashtuka, akavuta kwa mikono miwili. Chuma kikambana farasi kinywani, akarudi nyuma, na nyuma kulikuwa na mtaro wa maji wenye kina cha mtu. Kadiri alivyorudi ndivyo Valentin alivyovuta.

"Legeza hatamu!" Salima akapiga kelele. "Valentin! Legeza hatamu!"

Valentin alimgeuzia uso mtupu kabisa. Ndipo Salima alipoelewa: kijana yule pia alikuwa mtu wa redio. Katika kichwa chake hatamu ilikuwa ni viti na mihuri na hotuba, si kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho kiganjani. Kwato za nyuma zilikuwa tayari zinamomonyoa ukingo wa mtaro.

"Kamba!" akapiga kelele kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. "Acha kamba! Fungua mikono!"

Valentin akafungua mikono. Hatamu ikaanguka juu ya shingo ya farasi, laini, bila kelele, na Elyse akaiokota. Hakuivuta. Aliikusanya taratibu, akainama mbele na kusema jambo sikioni mwa mnyama, kisha akaisogeza kidogo tu kuelekea kulia. Farasi akapiga hatua moja mbele. Akapiga ya pili. Akasimama katikati ya barabara, akapuliza pua kwa nguvu.

Mmoja wa wenye pikipiki akapaza sauti, "Valentin, kwisha kazi! Umepokonywa hatamu kabla ya kukata keki!" Barabara nzima ikalipuka kwa kicheko.

Tantine Vumilia hakucheka. Alipenya katikati ya watu, kilemba kikiwa kimemwendea upande. "Elyse, rudishia bwana yako kamba. Haiko vizuri hivi."

"Tantine, iko vizuri sana," akajibu Elyse kwa heshima, na asiirudishe.

Wote wakamgeukia Valentin. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye tai. Aliutazama mtaro, akamtazama mkewe, akajifuta uso kwa leso.

"Mi simu najua," akasema. "Hii sijui. Acha yeye aongoze, mi nitatembea hapa karibu yake, sawa?" Akaweka kiganja kwenye mguu wa Elyse, juu ya gauni, akaanza kutembea, na farasi akatembea pamoja naye. Ngoma zikarudi, safari hii polepole. Wanawake waliopiga vigelegele sasa walipiga kuliko mwanzo, na Cibalonza alikuwa wa kwanza wao.

Ukumbini Salima alipewa kiti meza ya mbele, akala wali na ndizi, na kabla hajanawa alikuwa ameshaombwa mikanda na watu watatu, na Mushagalusa alikuwa akimweleza kila aliyepita kwamba fundi yule ni wake yeye, kutoka Gitega. Tantine Vumilia alikaa mbali na Salima mchana kutwa. Watu wawili hawa hawakupatana, na sioni sababu ya kudanganya.

Juma lililofuata Salima alimpandisha basi Mzee Ilyasi na kumpeleka Muyinga. Cibalonza alimshika mzee mkono hadi uani, akauweka juu ya baka jeupe la farasi. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu kuliko bintiye alivyowahi kumsikia akinyamaza. Kisha vidole vyake vikaanza safari: nyuma ya masikio, shavuni, kwenye lijamu, na kutoka hapo vikafuata hatamu, mshono kwa mshono, hadi mwisho. Karibu na bizimu ya pili vikasimama.

"Hapa mkono ulichoka," akasema.

"Hapo nilikuwa na njaa, baba."

"Ungekula kwanza." Farasi akamnusa mzee shingoni, akampulizia hewa ya moto ndani ya kanzu, na Mzee Ilyasi akaruka kama mtoto, akacheka, akaomba apuliziwe tena.